Chenji Aliyoiacha Babu

Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa tiketi katika reli ya Tanga, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na ambayo kwa vizazi kadhaa ilishusha mkonge na kahawa hadi bandarini. Aliajiriwa baada ya Vita Kuu ya Pili, akahamishwa stesheni moja baada ya nyingine, Muheza, Korogwe, Mombo, na alipostaafu alirudi Tanga mjini akiwa na pensheni ndogo, baiskeli, na kopo la Blue Band lililojaa sarafu. Baiskeli iliuzwa. Kopo lilikaa chini ya kitanda chake, kisha likahamia kwa Bibi, na baada ya arobaini ya Bibi shangazi alilitoa mbele ya warithi pamoja na vitu vingine vilivyokuwa vikisubiri kugawanywa.

Urithi wa namna hii umo katika nyumba nyingi za pwani na bara, ingawa si lazima uwe ndani ya kopo: kwingine ni mkoba wa ngozi uliokauka, kwingine ni fundo la kanga ndani ya sanduku la mbao, kwingine ni chupa ya dawa. Sifa yake kubwa ni kwamba aliyeukusanya hakununua hata sarafu moja. Mkusanyaji wa kununua huanza na orodha, akajua anachokikosa, akakitafuta mpaka akakipata. Anayekusanya kutoka kwenye chenji hungoja kile ambacho siku itamletea, na kwa sababu hiyo anachokiacha kinaeleza njia alizopita, kazi aliyoifanya na watu waliomlipa. Hoja yangu ni kwamba mrithi wa mkusanyiko kama huu amepewa kwanza kumbukumbu na pili mali, na kwamba kumbukumbu huharibika upesi kuliko mali, mara nyingi katika wiki ile ile ambayo kopo linafunguliwa.

Babu alikuwa na utaratibu wake. Jioni, baada ya kufunga dirisha la tiketi na kuhesabu makusanyo, kila sarafu iliyomvutia aliitoa kwenye droo na mahali pake akaweka yake yenye thamani ile ile, ili hesabu ya reli isipungue hata senti. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa watoto wake, alimshuhudia akifanya hivyo tangu utotoni, na anasema Babu alikuwa akitamka kwa sauti anapobadilisha, "Yangu hii, ya reli hii," hata kama hapakuwa na mtu mzima wa kumsikia. Nimeliandika jambo hilo mwanzoni kabisa mwa orodha ya kopo, kwa sababu bila hilo mtu wa kizazi kijacho anaweza kudhani kwamba karani aliyekufa na kopo la fedha za abiria alizipata kwa njia isiyo halali.

Abiria wake wengi walikuwa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge waliotoka mbali: Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), Nyasaland (Malawi ya leo), Msumbiji, na mikoa ya kusini na magharibi ya Tanganyika yenyewe. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka huo huo wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, kwa hiyo mishahara ya mkonge ndiyo iliyokuwa ikipita kwenye lile dirisha dogo la stesheni, senti kwa senti, mwisho wa mkataba wa kila mtu. Mimi sioni namna ya kuzitenganisha sarafu za Babu na mikono ya watu hao.

Sehemu iliyonishughulisha kuliko zote ni uzi wa katani. Sarafu za senti kumi, senti tano na senti moja za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, na watu wengi walizitunga kwenye kamba ili zisipotee na zihesabike kwa urahisi. Babu alifanya vivyo hivyo, akitumia uzi wa katani aliousokota mwenyewe, mgumu, wenye rangi ya majani makavu, ambao kila baada ya kipande fulani umepigwa fundo. Tulipoutandaza juu ya meza, jambo la kwanza ambalo binamu yangu mmoja alipendekeza kwa nia njema kabisa ni kuukata, kuzitoa sarafu zote na kuzipanga kwa miaka yake, kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Nilimwomba asubiri, na shangazi akaniunga mkono, na nashukuru kwamba tulisikilizwa.

Ukiusoma uzi ule kwa haraka utaona fujo. Unaanza na senti kumi ya mwaka 1942, inafuata ya 1936, kisha ya miaka ya 1920, kisha inarudi 1943. Lakini mpangilio wa uzi haufuati mwaka uliochongwa juu ya sarafu, unafuata siku ambayo Babu aliipata, na hilo ni jambo ambalo hakuna kitabu chochote cha sarafu kinachoweza kutuambia. Katika kila kipande kati ya fundo na fundo, sarafu iliyo mpya kuliko zote ndiyo inayotupa mpaka: kipande chenye senti tano ya mwaka 1955 hakiwezi kuwa kilitungwa kabla ya mwaka huo, hata kama sarafu nyingine zote ndani yake ni za enzi ya baba yake Malkia Elizabeth. Kwa kwenda hivyo, kipande baada ya kipande, tumepata kalenda isiyo kamili ya maisha yake ya kazi.

Kuhusu mafundo yenyewe walikuwapo wenye maoni mawili. Baba mdogo alisema kila fundo ni hesabu, yaani kila kipande ni kiasi fulani cha shilingi alichojiwekea. Shangazi alisema kila fundo ni uhamisho, kwamba Babu alipohamishwa stesheni alifunga fundo na kuanza upya. Tulihesabu. Vipande havilingani kwa idadi wala kwa thamani. Kimoja ni kirefu mno, kingine kina sarafu chache tu, na kile kifupi kinaangukia miaka ambayo shangazi anakumbuka walikaa Mombo kwa muda mfupi kabla ya kurudishwa Korogwe. Mimi nimeshawishika na maelezo ya shangazi, na kama uzi ungekatwa siku ile ya kwanza, mjadala huo usingewezekana tena.

Sarafu zenyewe zinabeba historia pana kuliko ya familia moja, na kwa anayerithi kopo kama hili ni vizuri ajue anachokitazama. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa mwaka 1919, na baada ya majaribio mafupi ya fedha iliyoitwa florini, shilingi ilianza kutumika mwaka 1921, ikiwa na simba aliyesimama mbele ya milima. Sarafu za tundu hazikuwa na picha ya mfalme, zilikuwa na jina lake tu upande mmoja na pembe za ndovu zinazolizunguka tundu upande wa pili. Ndiyo sababu senti tano na senti kumi za mwaka 1936 zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala tangu Januari hadi Desemba mwaka huo na kujiuzulu kabla hajavishwa taji. Nchini kwake Uingereza hakuna sarafu yake iliyoingia mikononi mwa watu kama fedha ya kawaida, lakini kibarua wa mkonge wa Muheza alilipwa kwa sarafu zenye jina lake na akanunulia chumvi.

Herufi ndogo nazo zinafaa kusomwa. H na KN ni alama za viwanda viwili vya Birmingham, Heaton na King's Norton. Vita vilipopamba moto na safari za meli kutoka Ulaya zikawa za hatari, kazi ikahamishiwa karibu zaidi, kwa hiyo sarafu za miaka ya 1941 hadi 1946 mara nyingi zina I ya Bombay au SA ya Pretoria. Katika zile zilizotoka baada ya India kupata uhuru mwaka 1947, maneno ya Kilatini yaliyomtaja mfalme kuwa mtawala wa India yanatoweka. Senti tano na kumi za mwaka 1964 hazimtaji malkia wala mfalme yeyote, kwa kuwa nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa zimeshajitawala ingawa zilikuwa bado zinatumia fedha moja. Kisha Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966, zikaja sarafu za Mwalimu Nyerere ambazo watu wa rika la baba yangu bado wanaweza kuzieleza wakiwa wamefumba macho: sulisuli kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye sumni (senti hamsini), mwenge kwenye shilingi. Hizo hazikuwa na tundu, na uzi wa Babu unaishia hapo.

Nje ya uzi, chini ya kopo, kulikuwa na zile zisizo za mahali pake. Ninayoipenda kuliko zote ni faranga mbili ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943, ya shaba ya njano, yenye pembe sita na tembo upande mmoja. Ubelgiji wakati huo ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, hivyo sarafu hiyo ilifuliwa Philadelphia, Marekani, kwa ajili ya koloni lililokuwa Afrika ya Kati, na hatimaye ikafika kwenye stesheni ya reli ya Tanga mfukoni mwa mtu ambaye hatutamjua jina. Shangazi anasimulia alivyoambiwa na Babu, kwamba abiria mmoja kutoka Ruanda-Urundi alipungukiwa na nauli ya kurudi kwao, akaitoa sarafu hiyo ambayo haikuwa na matumizi Tanganyika, na Babu akaipokea na kujazia nauli kwa fedha yake. Ukiipindua unaona kwamba pembe zake sita zimelika zote kwa kiasi kimoja na mgongo wa tembo umekuwa bapa, na uchakavu huo, ambao kwa mnunuzi ni kasoro, kwangu ni alama ya safari.

Kulikuwa pia na sarafu ya Kijerumani ya hela moja (heller) ya mwaka 1913, yenye taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na herufi J inayoonyesha kwamba ilifuliwa Hamburg. Hiyo haikutoka kwa abiria. Ilikuwa ya mama yake Babu. Na ilikuwapo pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, yenye mizani ya kupimia iliyochongwa kwa ustadi. Namna ilivyoingia kwenye kopo hakuna aliyehai anayeikumbuka, na katika orodha tumeiandikia hivyo hivyo.

Sasa niseme juu ya thamani, kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo kila mrithi huuliza na ndilo linalovutia watu wabaya. Habari za kopo zilipoenea mtaani, zilianza kuja simu za watu waliojiita madalali wa rupia. Mmoja aliuliza kama tunayo rupia inayovuta mchele, yaani sarafu inayodaiwa kuvuta punje za mchele kwa nguvu za ajabu. Hadithi hiyo imezunguka kwa miaka mingi na imewaondolea watu fedha zao halali, ng'ombe wao na viwanja vyao, na nasema wazi kwamba hakuna sarafu inayovuta mchele. Rupia ya Wajerumani ni sarafu ya madini ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya India iliyokuwa ikitumika pwani yote, na bei yake hutokana na fedha iliyomo, mwaka wake na hali yake, basi. Mwingine alitaka "dhahabu ya tembo". Ipo kweli sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, wakati jeshi la Wajerumani lilipokuwa limezingirwa huku fedha zikiwa zimeadimika, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, lakini zilitengenezwa chache, zisizofika 17,000, na za bandia zinazouzwa leo ni nyingi mno. Sarafu nyingine ya Tabora ya mwaka huo huo, ile ya hela 20 yenye herufi T, ilitengenezwa zaidi ya milioni moja, na mtu akiipata aifurahie bila kuuza shamba.

Sarafu nyingi zinazotoka kwenye chenji zina bei ndogo sokoni, kwa sababu zilizunguka, na kinachozunguka huchakaa. Senti kumi ya Edward wa Nane, pamoja na kisa chake chote, ni sarafu ya kawaida. Shilingi za simba zilizofuliwa kati ya mwaka 1921 na 1946 zina madini ya fedha kiasi cha robo tu, na zile za kuanzia mwaka 1948 hazina kabisa, ni shaba na nikeli. Anayerithi kopo akitarajia kujenga nyumba atavunjika moyo, na akivunjika moyo huenda akalitupa au akawapa watoto wachezee. Kwa hiyo ni bora ajue mapema, kwa utulivu, kwamba kilichomo ni kikubwa kwa namna nyingine.

Jambo la pili ambalo huharibu makusanyo mengi ni usafi. Mtu huona sarafu nyeusi, akaisugua kwa ndimu na majivu au kwa mchanga, ikang'aa, akaona ameifanyia hisani. Ule weusi juu ya shaba ya zamani ni ngozi yake, unaikinga, na ukiuondoa unachukua pamoja nao mistari midogo ya mchoro ambayo hairudi. Kama kuna udongo, maji safi na kitambaa laini vinatosha, kisha ikaushwe vizuri. Kutu ya kijani inayochimba, ambayo hewa yetu ya bahari huilea, inahitaji mahali pakavu kuliko inavyohitaji kusuguliwa. Plastiki laini zile za kunukia hazifai, kwa kuwa baada ya miaka hutoa unyevu wenye kula shaba. Bahasha ndogo za karatasi ni bora na ni rahisi. Baadhi ya sarafu zetu za shilingi za kuanzia mwaka 1987 zitengwe, kwa sababu ndani ni chuma kilichofunikwa kwa nikeli, na nikeli ikikwaruzwa chuma hushika kutu na kuchafua jirani zake. Sumaku ndogo itakuonyesha ni zipi.

Kazi kubwa zaidi, na ambayo haina gharama, ni kuandika. Kila sarafu tumeipiga picha pande zote mbili kabla ya kuihamisha, tumeipa namba, na mbele ya namba tumeandika inachosema yenyewe, kisha katika safu nyingine tumeandika alichosema mtu, pamoja na jina la aliyesema. Safu hizo mbili zisichanganywe. Mwaka uliochongwa mtu mwingine ataweza kuusoma hata baada ya miaka hamsini. Kisa cha mtu wa Ruanda-Urundi kinamtegemea mwanamke mmoja wa miaka themanini na ushei ambaye huchoka baada ya Asri. Tulirekodi sauti yake kwa simu, tukimwachia sarafu mkononi, na mara nyingi mkono ndio uliomkumbusha. Alipoishika shilingi nzito ya simba alianza kueleza bei ya tiketi, rangi ya sare ya Babu, na mzee wa kahawa aliyekuwa akipita stesheni na birika lake, mambo ambayo hakuna aliyemwuliza.

Sina hakika kama wajukuu wetu watarithi chenji ya aina yoyote. Siku hizi nalipia nauli na mboga kwa simu, na dukani ukistahili kurudishiwa shilingi hamsini unapewa pipi au njiti za kiberiti. Shilingi tano, kumi na ishirini zimeshatoka mikononi mwa watu bila mtu kuziaga. Kwa sababu hiyo nimeanza kuweka pembeni zile zinazonijia, ile ya mia yenye Mwalimu na swala, ya mia mbili yenye Mzee Karume na simba, ya mia tano yenye nyati iliyotoka mwaka 2014, kila moja na karatasi inayosema niliipata wapi na nilikuwa nanunua nini.

Kuhusu ugawaji, sarafu ni mali kama mali nyingine na sheria ya mirathi ina mafungu yake. Sheikh tuliyemwendea alitufahamisha kwamba warithi watu wazima wakiridhiana wanaweza kukiacha kitu bila kukigawa, au mmoja akakichukua na kuwafidia wenzake. Tumeridhiana kwamba uzi wa katani usiguswe na ukae kwa shangazi, na baada yake kwa atakayemteua, na kwamba kila tawi la familia lipewe nakala ya orodha, picha na sauti. Faranga ya tembo inakaa na uzi. Tuliyoshindwa kukubaliana upesi ni shilingi za simba, ambazo zilikuwa huru chini ya kopo: baba mdogo anataka kila mjukuu apate moja ya kushika mkononi, na shangazi aliogopa kwamba zikishatawanyika hazitarudi. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayechukua yake kabla namba yake haijaandikwa, na kwamba kila anayechukua atie saini mbele ya namba hiyo na aseme anaishi wapi. Orodha ya shilingi tutaikamilisha kabla ya Idi, siku ambayo wengi wetu tutakuwa Tanga, na daftari la saini limeshanunuliwa.